Jina na Mzizi wa Malvasia

Kuna zabibu moja ya nchi za Bahari ya Kati ambayo jina lake limesafiri mbali kuliko mche wake. Waitaliano na Wahispania huiita malvasia, Wafaransa malvoisie, watu wa Dubrovnik malvasija, na Waingereza wa zamani waliiita divai yake malmsey. Kwa karne nyingi divai hiyo tamu ilikuwa kinywaji cha wafalme, maaskofu na matajiri wa Ulaya, na bei yake iliwafanya wengi watamani kuiuza hata kama hawakuwa nayo.

Wapo kati yetu wasioonja kileo kabisa, nao wana sababu nzuri. Nuhu alipanda shamba la mizabibu na habari yake haikuishia pazuri. Wapo pia ambao tangu wabatizwe wamekutana na juisi ya zabibu tu katika vikombe vya Meza ya Bwana. Hatuandiki hapa kumvuta mtu kwenye glasi. Tunaileta malvasia mbele ya wasomaji wa kitabu hiki kwa sababu historia yake inatubana kwenye swali ambalo tumezoea kulipita haraka tunapoandika majina katika daftari la washarika: mtu akibeba jina, amebeba nini hasa? Na asiyelibeba, amekosa nini?

Jina lilianzia kwenye mwamba. Upande wa kusini-mashariki wa Peloponnese, nchini Ugiriki, kuna mji uitwao Monemvasia. Umejengwa juu ya jiwe kubwa lililosimama baharini, likiunganishwa na bara kwa njia nyembamba tu, na jina lake kwa Kigiriki lina maana ya njia moja ya kuingilia. Ulikuwa ngome na bandari ya dola ya Bizanti, na kuanzia karne ya 13 tunakuta divai ya Monemvasia ikitajwa katika maandishi. Zabibu zake hazikuota juu ya jiwe lile. Zilitoka bara jirani na visiwani, divai ikapakiwa bandarini, na wanunuzi wa ng'ambo wakaiita kwa jina la mahali meli zilikotoka. Ndivyo hata kahawa ya Yemen ilivyojulikana duniani kwa jina la bandari ya Mokha. Kwa hiyo tangu mwanzo jina hili lilikuwa la bandari kabla ya kuwa la shamba, na jambo hilo lilizaa utata mwingi baadaye.

Kilichoifanya divai hii isafiri ni utamu wake. Divai nyepesi ikikaa kwenye mapipa chini ya jua la baharini huchacha ikawa siki. Divai yenye sukari nyingi na nguvu nyingi huvumilia. Na namna ya kupata sukari hiyo ni ya kale kupita Ukristo wenyewe: mshairi Mgiriki Hesiod, aliyeishi miaka mingi kabla ya Kristo, anawaelekeza wakulima waanike zabibu juani siku kumi, kisha waziweke kivulini siku tano, ndipo wakamue. Sisi tunaoanika makopa ya muhogo na dagaa hatuhitaji kuelezwa sana. Jua huondoa maji, kinachobaki huwa kikali zaidi. Maji ya zabibu hizo zilizonyauka yanapowekwa kuchachuka, chachu hula sukari na kuigeuza kuwa kileo, lakini sukari ni nyingi kiasi kwamba chachu hushindwa kabla haijaimaliza. Hapo ndipo utamu unapobaki.

Tunajua kwamba hapa mhubiri mzuri angesimama na kusema kwamba mateso humkausha mtu ili awe mtamu. Tumeyasikia mahubiri hayo, na hatupendi kuyarudia. Zabibu haina mtoto anayelala bila kula. Zabibu haiombi usiku kucha kwamba maumivu yaondoke. Tena mkulima ye yote wa zabibu atakwambia kwamba mvua ikinyesha zikiwa zimeanikwa, huota ukungu na kutupwa. Jua lilelile, mkeka uleule, na mwisho tofauti kabisa. Mwenye kufariji wafiwa kwa mfano huu na aangalie anamwambia nani.

Turudi kwenye jina, maana hapo ndipo penye kesi.

Mwaka 1204 jeshi la msalaba, lililokuwa limetoka makwao likisema linakwenda Yerusalemu, liliuvamia mji wa Konstantinopoli. Waliokuja kwa meli za Venice walikuwa Wakristo. Waliouawa, walioporwa na walionajisiwa ndani ya mji nao walikuwa Wakristo. Kanisa la Hagia Sofia liliporwa na watu waliokuwa wameshona msalaba kwenye mavazi yao. Katika kugawana nyara na nchi, Venice ilijipatia haki juu ya kisiwa cha Krete, ikakitawala kwa zaidi ya miaka 400, mpaka mji wake mkuu wa Candia ulipoangukia mikononi mwa Waosmani mwaka 1669 baada ya kuzingirwa tangu mwaka 1648. Hiyo ndiyo njia ambayo utamu wa malvasia ulipita kwenda kwenye meza za Ulaya. Krete ikapandwa mizabibu kwa wingi, divai yake ikauzwa kwa jina la Monemvasia, na wafanyabiashara wa Venice wakaipeleka hadi Uingereza. Mjini Venice kwenyewe maduka yaliyouza divai za kutoka ng'ambo yaliitwa tu malvasie, na mpaka leo vichochoro kadhaa vya mji huo vina jina hilo.

Tunaitaja habari ya 1204 kwa makusudi. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatueleza kwamba wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza huko Antiokia, mji wa Bahari hiyohiyo ya Kati. Hawakujipa jina wenyewe. Watu waliwatazama, wakaona wanamfuata fulani, wakawaita hivyo. Miaka elfu moja na zaidi baadaye, jina hilohilo lilikuwa juu ya mwenye upanga na juu ya aliyechomwa upanga. Mwaka 2001 Papa Yohane Paulo II alipokwenda Athene alimwomba Mungu msamaha kwa yale ambayo Wakatoliki waliwatendea Waorthodoksi, na akautaja uporaji wa Konstantinopoli. Ilikuwa imepita karibu miaka 800. Wagiriki wengi waliona amechelewa, lakini alisema.

Tuseme pia neno dogo juu ya umaarufu wa divai hii. George, mtawala wa Clarence na ndugu wa mfalme Edward wa Nne wa Uingereza, aliuawa mwaka 1478 ndani ya mnara wa London, na uvumi ukaenea kwamba alizamishwa katika pipa la malmsey. Shakespeare aliuchukua uvumi huo akautia katika mchezo wake wa Richard wa Tatu. Iwe kweli au porojo, hakuna aliyehitaji kuelezwa malmsey ni nini. Kufikia wakati huo mizabibu ya kutoka Krete ilikuwa imeshapandwa hata kwenye kisiwa cha Madeira, katika bahari ya Atlantiki, ambako Wareno walikuwa wameanza kulima miongo michache tu kabla.

Sasa tazama lililotokea. Monemvasia iliangukia kwa Waosmani mwaka 1540, na baada ya muda divai yake ikatoweka. Mji uliotoa jina ukabaki na mwamba wake na kuta zake, bila divai, huku jina likistawi katika nchi za watu. Ni katika miaka ya karibuni tu ambapo wakulima wa pale wamefufua divai ya zabibu zilizoanikwa na kupata haki ya kisheria ya kuiuza kwa jina la mji wao. Na huko nje, kwa kuwa malvasia lilikuwa jina lenye bei, kila mwenye zabibu nyeupe yenye harufu nzuri alilitaka. Likabandikwa kwenye mizabibu ya Istria, ya Toscana, ya Lazio, ya Piemonte. Likabandikwa hata kwenye zabibu nyeusi. Katika orodha ya taifa ya Italia peke yake kuna zaidi ya aina 15 za mizabibu zinazoanza na jina Malvasia.

Zamani mtaalamu wa mizabibu alitofautisha aina kwa macho: umbo la jani, nywele za upande wa chini wa jani, jinsi kishada kilivyobana au kuachia. Siku hizi hupima vinasaba. Na vipimo vilipofanywa yalijitokeza mambo mawili ambayo yametufanya tuandike makala hii.

La kwanza, sehemu kubwa ya mizabibu hiyo yenye jina moja si aina moja. Mingine haina hata undugu wa karibu. Ile inayoitwa Malvasia ya Istria ni mzabibu mwingine kabisa na ile ya visiwa vya Lipari. Hata ile nyeupe iliyopewa jina la Candia, mji mkuu wa Krete yenyewe, hailingani nayo. Jina moja, mizizi mingi.

La pili ni kinyume chake. Mwaka 2006 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba Malvasia ya Lipari karibu na Sicily, Malvasia ya Sardinia, Malvasia ya Sitges katika pwani ya Catalonia, malvasija ya Dubrovnik, na zabibu moja ya Calabria iitwayo Greco di Gerace, zote ni aina moja ileile. Wenye mashamba hayo walikuwa wameishi karne nyingi kila mmoja akidhani ana kitu chake cha pekee. Na ile ya Calabria haikuwa na jina la malvasia kabisa. Ilikuwa ndugu wa damu, imesimama nje ya ukoo, ikiitwa ya Kigiriki.

Mtu aliyezoea Injili hatashangaa sana. Bwana alisema kwamba si kila atakayemwita Bwana ataingia, na kwamba wengine watakuja na orodha ya miujiza waliyoifanya kwa jina lake na kuambiwa hawajulikani. Hapo kuna jina bila mzizi. Tena Yohana alipokuja akijisifu kwamba wamemkataza mtu aliyetoa pepo kwa jina la Yesu kwa sababu hakufuatana nao, Bwana hakumsifu Yohana. Alimwambia wasimkataze. Hapo kuna mzizi nje ya daftari. Maneno haya mawili yamo katika Injili zetu, na sisi kwa kawaida tunachagua moja kufuatana na tunamsema nani. Likija suala la wengine, tunakumbuka la kwanza. Likija suala letu, tunatamani la pili.

Tumewahi kusimama kwenye msiba ambapo jeneza lilikaa uani tangu asubuhi hadi jua likaanza kushuka kwa sababu viongozi walikuwa wanabishana kama marehemu alikuwa hai kanisani. Aliyekuwa maiti alijadiliwa kama alikuwa hai. Kadi yake ilikuwa na nafasi zisizogongwa muhuri. Mama yule alikuwa amelea yatima watatu wa jirani, na hao watatu walikuwa wamekaa chini kando ya jeneza wakisikiliza yote. Mwishowe alizikwa na wazee wa mtaa, mmoja wao Mwislamu, kwa sala fupi aliyoiongoza mjomba wake. Wasomaji wetu wengi wana kisa kama hiki. Wengine wana kisa cha ndoa: vijana wawili wamependana, wote wamebatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na familia mbili zinakataa kuketi pamoja kwa kuwa mmoja ametoka dhehebu lile. Ukiwauliza wazee tofauti ni nini, husema ni jina. Na mara nyingi jina lenyewe tulipewa na meli: misheni fulani ilishuka bandari fulani, ikagawiwa eneo fulani, na babu zetu wakawa wa dhehebu hili au lile kwa sababu ya mto gani ulikuwa mpaka wa wamisionari. Bandari kabla ya shamba, kama Monemvasia.

Kuna atakayesema basi majina yafutwe, ilimradi divai ni tamu. Hatukubaliani naye. Mtu aliyelipa fedha ya malvasia ya Krete na kumiminiwa kitu kingine aliibiwa, na utamu wa kile kitu kingine haufuti wizi. Wapo leo wanaosimama chini ya jina la Kristo wakiuza mafuta na maji kwa wagonjwa, na mgonjwa akiacha dawa akafa, jina ndilo lililomleta pale. Jina lina kazi. Linamlinda mnyonge asiyeweza kupima vinasaba. Ndiyo maana amri ya tatu ni kali vile. Tumezoea kuifundisha kama katazo la kuapa ovyo, na ni kweli inakataza hilo, lakini neno la Kiebrania lililotumika pale lina maana ya kuinua au kubeba. Mtu anaweza kulibeba jina la Bwana bure bila kufungua kinywa, kwa kulivaa tu na kwenda nalo asikotakiwa, kama walivyolivaa waliopanda kuta za Konstantinopoli.

Kwa hiyo tunashika mambo mawili yanayovutana: jina ni zito, nasi hatuwezi kwa macho yetu kuwajua wote walio wake. Kuyashika yote mawili kunachosha. Ni rahisi zaidi kuwa mkali au kuwa mlegevu.

Namna mzabibu unavyoongezwa inaweza kutusaidia kidogo hapa. Ukipanda mbegu ya zabibu, mche utakaoota hautafanana na mama yake. Utakuwa aina mpya, mara nyingi duni. Kwa hiyo mkulima hapandi mbegu. Hukata tawi na kulipanda, kama sisi tunavyopanda muhogo kwa pingili na viazi vitamu kwa marando. Tawi linaloota si mtoto wa mzabibu ule. Ni mzabibu uleule, mwili uleule, umeendelea mahali pengine. Maana yake ni kwamba malvasia ya Lipari na ya Dubrovnik na ya Sitges hazifanani tu kama binamu. Ni mmea mmoja uliopita kutoka mkono hadi mkono kwa karne nyingi, ukibadilika kidogo hapa na pale kwa udongo na kwa umri, lakini haukukatika hata mara moja. Kungekuwa na kizazi kimoja kilichoona uvivu wa kukata na kupanda, ungekwisha.

Bwana alipojiita mzabibu na kutuita matawi, alisema tawi lisilokaa ndani ya mzabibu hukauka na kutupwa motoni. Hatutaki kuupinda mfano wake ili ukubaliane na kilimo cha vipando. Lakini wasikilizaji wake walikuwa watu wa mashamba, nao walijua kwamba tawi linaweza kukatwa kwa ajili ya kutupwa au kukatwa kwa ajili ya kupandwa. Kwa macho, mikato hiyo miwili inafanana. Makanisa yetu mengi yalizaliwa kwa kukatwa, mengine kwa ugomvi, mengine kwa kutumwa, na tunapoyatazama leo hatuwezi kuhukumu kwa alama ya kisu. Inabidi tusubiri tuone kama tawi limeshika udongo.

Tena kuna jambo la mzizi wenyewe, na hili ndilo linalotunyenyekeza zaidi. Katika miaka ya 1860 kilionekana Ufaransa kidudu kidogo cha jamii ya vidukari kiitwacho filoksera, kilichotoka Marekani. Hula mizizi ya mizabibu ya Ulaya mpaka mche unakufa. Kilienea nchi kwa nchi. Kilipofika visiwa vya Lipari mwishoni mwa karne ya 19 kiliua mashamba ya malvasia yaliyokuwa yakilisha watu wa Salina, na familia kwa familia zikapanda meli kwenda Australia na Marekani. Dawa iliyokuja kuokoa mizabibu ya Ulaya ilitoka kulekule kulikotoka ugonjwa. Mizabibu ya mwituni ya Marekani, ambayo zabibu zake hazikuthaminiwa na watengeneza divai wa Ulaya, ina mizizi inayovumilia kidudu hicho. Wakachukua tawi la mzabibu wa Ulaya na kulibebesha juu ya shina la kigeni. Mpaka leo sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya, yenye majina makubwa na historia ndefu, imesimama kwa miguu ya mgeni wa mwituni.

Mkulima wa machungwa wa Muheza ataelewa mara moja, maana naye huchukua kijicho cha mchungwa mtamu akakibebesha juu ya mlimao mkali. Lugha yetu imefanya vizuri kuliita jambo hili kubebesha. Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi, alitumia mfano wa mzeituni: matawi ya mwituni yamepandikizwa kwenye mzeituni mwema, na kwa hiyo Wamataifa wasijisifu, kwa kuwa si wao wanaobeba shina, ni shina linalowabeba wao. Paulo mwenyewe alikiri kwamba jambo hilo ni kinyume cha kawaida. Wakulima hubebesha chema juu ya kikali. Kwa malvasia mpangilio ni huo wa wakulima: chenye jina kiko juu, kisicho na jina kiko chini ya ardhi kikifanya kazi. Ukiziweka picha hizo mbili pamoja, hakuna upande unaobaki na kiburi. Tukijiona wageni tuliopandikizwa, tunabebwa na Israeli na mababu wa imani. Tukijiona wenye jina, huenda tunabebwa na watu ambao hatujawahi kuwaandika popote: mama asiye na muhuri kwenye kadi, mzee wa mtaa asiye wa dini yetu aliyeshika jembe wakati viongozi wetu wanashika vitabu.

Watu waliorudisha malvasia kwenye ramani nao hawakuwa wote wenye haki ya jina. Huko Salina, baada ya mashamba kubaki machache sana, mmoja wa waliofufua divai hiyo katika nusu ya pili ya karne ya 20 alikuwa Carlo Hauner, msanii mchoraji kutoka Brescia, mbali kaskazini mwa Italia. Alikwenda kisiwani akakipenda, akanunua vipande vya ardhi vilivyoachwa na waliohama, akaanika zabibu juani kama wenyeji walivyokuwa wakifanya.

Na huko Sitges, mji wa pwani si mbali na Barcelona, malvasia ilikaribia kwisha kwa namna nyingine. Ardhi ya kando ya bahari ilikuwa inapanda bei, na mzabibu unaozaa kidogo hauwezi kushindana na nyumba za watalii. Lakini mwaka 1935 mwanadiplomasia mmoja wa mji huo, Manuel Llopis i de Casades, alikuwa ameacha wosia. Mashamba yake ya malvasia na ghala la divai aliyaachia Hospitali ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji ya Sitges, kwa sharti kwamba iendelee kulima mzabibu huo na kutengeneza divai yake. Hospitali ikawa mkulima, ikibanwa na ahadi iliyotolewa kwa marehemu. Ilipita vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, ikapita njaa ya baada ya vita, ikapita miongo ya hoteli, na shamba halikung'olewa.

Tumejiuliza kwa nini Llopis hakuwaachia wafanyabiashara, ambao wangejua kuuza. Labda aliona kwamba mfanyabiashara hulitunza jina kwa muda jina linapomlipa. Hospitali ilikuwa na wagonjwa na wazee wa kutunza kila siku, na iliyazoea mambo yasiyolipa. Vyovyote alivyowaza, aliufunga mzabibu kwa watu wanaohitaji kulishwa na kuoshwa. Alikufa zaidi ya miaka 70 kabla ya vinasaba kuonyesha kwamba mche wake ni uleule wa Salina na wa Dubrovnik na wa yule ndugu wa Calabria asiye na jina. Zabibu za Sitges bado huvunwa kila mwaka, na fedha ya divai yake bado inaingia katika kazi ya hospitali ile.